Nilimwambia mjomba auze rili yake ya zamani. Nilikosea

Wasee, leo naanza na deni. Mjomba wangu ana boti ndogo ya injini kule Watamu. Anapeleka wageni baharini nusu siku kuvua nguru, jodari, na wakibahatika, sulisuli. Kwa miaka mingi alikuwa na rili moja nzito, Penn Senator, aliyoachiwa na nahodha fulani aliyestaafu. Ilikuwa na mikwaruzo kila mahali na pembeni plastiki nyeusi ngumu kama sahani ya santuri.

Kama hujawahi kushika rili, ni ile mashine inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Ina gurudumu la kukunjia mshipi, mkono wa kuzungusha, na breki. Breki ndiyo roho yake. Samaki mkubwa akivuta, inaachia mshipi polepole ili usikatike.

Mwaka jana nilienda likizo nikiwa na simu na maneno mengi. Nikamwambia, "Mjomba, hii ni ya makumbusho. Iuze." Niliipiga picha, nikaiweka mtandaoni, ikaondoka siku hiyo hiyo kwa shilingi 3,500. Nikaongeza 1,300 zangu, nikamnunulia mpya ya 4,800. Nyepesi, inang'aa, na kwenye sanduku wameandika ina beringi 14. Nilijiona mtu wa maana.

Ilidumu miezi minne. Siku hiyo mgeni alikuwa amenasa kitu kikubwa kweli. Mkono wa rili ukaanza kurudi nyuma wenyewe, gia zikasaga, ikakwama. Mshipi ukakatika, samaki akaenda zake, na mgeni akakataa kulipa salio. Mafuta ya injini yalikuwa yameshateketea.

Mjomba hakunigombeza. Alinipigia simu tu akauliza, "Mwanangu, spea zake zinapatikana wapi?"

Nilitafuta siku tatu. Hazikuwepo popote. Hilo swali lake ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya hivi vitu, na nilichokipata sikukitarajia.

Rili si kitu cha juzi. Kuna mchoro wa Ma Yuan wa China, wa karibu mwaka 1195, unaoonyesha mvuvi kwenye mashua ndogo, na fimbo yake ina gurudumu la mshipi. Lakini rili yenye gia, ile ambayo ukizungusha mkono mara moja gurudumu linazunguka mara kadhaa, ilipata sifa Marekani mwanzoni mwa karne ya 19. Kule Kentucky, kwenye mji unaoitwa Paris (si ule wa Ufaransa), George Snyder alijitengenezea rili zake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa nini? Fundi wa saa.

Nikadhani ni bahati tu. Nikaendelea kusoma. Huko Svängsta, Uswidi, kampuni iliyokuja kujulikana kama ABU ilianzishwa 1921 ikitengeneza saa za mfukoni, halafu mita za teksi. Vita vya Pili vya Dunia vilipoua soko la mita, wakahamia kwenye rili. Ya kwanza ilitoka 1941. Na Mitchell, rili ya Kifaransa iliyouzwa kwa mamilioni baada ya vita? Ilitengenezwa Cluses, mji wa milimani ulioishi kwa kazi ya saa.

Nchi tatu, na kila mara unakuta mikono ya watu wa saa. Na fundi wa saa anajua kitu kimoja: kazi yake itarudi mezani. Itafunguliwa, itasafishwa, itatiwa mafuta, itafungwa tena. Kwa hivyo anaweka skrubu pale ambapo mwingine angeweka gundi.

Sasa turudi kwa rili ya mjomba. Kampuni ya Penn ilianzishwa Philadelphia mwaka 1932 na Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana doo. Mwaka 1936 wakatoa Senator, ya kuvulia samaki wakubwa wa baharini. Uvuvi wa aina hiyo ulikuwa umeshafika pwani yetu. Ernest Hemingway mwenyewe alikuja kuvua Malindi mwaka 1934.

Siri ya Senator haikuwa chuma cha ajabu. Walichofanya ni kuacha umbo lake karibu lile lile kwa miongo mingi, na kila kipande kikapewa namba. Washa ya breki ya modeli ya 113, kwa mfano, ni 6-113. Namba ya kwanza inakuambia ni kipande gani, ya pili inakuambia ni cha rili gani. Fundi wa Mombasa na fundi wa Florida wakitaja namba hiyo wanazungumzia kitu kimoja. Mtu angeweza kununua washa leo akaitia kwenye rili iliyotengenezwa kabla mama yake hajazaliwa.

Hapo ndipo nilielewa. Mjomba aliniambia kwamba ile rili "ya zamani" ilikuwa na breki mpya. Zile washa za mwanzo zilichoka kitambo, akatia za kaboni. Mkono ulishabadilishwa, na gia pia. Ilikuwa ya zamani na mpya kwa wakati mmoja, kama nyumba ya makuti inayoezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa na bado ni nyumba ile ile.

Lakini sitaki mtoke hapa mkiimba "vya kale ni dhahabu". Huo pia ni uongo nusu. Tunaziona rili za zamani zilizosalia tu. Zilizokufa ziko chini ya bahari ama kwa muuza vyuma chakavu, haziwezi kuja kutoa ushahidi. Plastiki za enzi zile zilikuwa zinapasuka zikianguka. Mishipi ya nailoni ilipokuja, ilikuwa inanyooka ikivutwa kisha inajikaza kwenye gurudumu, na magurudumu ya plastiki yalikuwa yanapasuka kwa hiyo nguvu. Kabla ya nailoni, watu walitumia mishipi ya kitani, na ilibidi uianike kila ukitoka majini isije ikaoza. Nani kati yetu angeweza hiyo kazi?

Na rili mpya nzuri ni nzuri kweli. Shimano ya Japani ilianza 1921 na vipuri vya baiskeli, ikaingia kwenye uvuvi 1970, na leo rili zake bora ni nyepesi na laini kuliko chochote alichoshika babu yako. Kwa hivyo tusisingizie "vitu vya Asia" wala "vitu vya siku hizi".

Tatizo ni ile rili ya bei ya chini inayouza namba ya beringi. Beringi 14 ndani ya maji ya chumvi, kama hazina kinga, ni sehemu 14 za kushika kutu. Na modeli inabadilishwa upesi, kwa hivyo kabla yako haijaharibika, spea zake zimeshaacha kutengenezwa. Haikuundwa irudi mezani kwa fundi.

Sasa piga hesabu. Rili ya 4,800 kwa miezi minne ni 1,200 kwa mwezi, kabla hujahesabu salio la mgeni. Ile ya 3,500 ilifanya kazi miaka mingi kwa grisi, washa na jioni moja ya bisibisi. Mimi niliangalia bei ya kununua. Mjomba alikuwa anaangalia bei ya kukaa nayo.

Kwa hivyo kabla hujanunua rili, ama blenda, ama hizo spika mnazonunua kila mwaka, uliza maswali matatu. Inafunguka kwa bisibisi? Spea inauzwa peke yake? Kuna fundi aliyewahi kuifungua? Jibu likiwa hapana mara tatu, jua unakodisha tu, hata kama umelipa yote.

Aliyenunua ile Senator ni nahodha wa boti ya jirani. Mjomba anaiona ikipita karibu kila Jumamosi, na bado inavua. Nilienda kumuomba huyo jamaa aniuzie tena. Alicheka, akanipa chai, akakataa.

Nimeanza kuweka akiba nitafute nyingine iliyotumika. Nilipomwambia mjomba, alisema, "Usinitafutie ya zamani. Nitafutie ninayoweza kuifungua." Safari hii sitachagua mwenyewe. Nitamtumia picha kwanza.