Mipaka ya mahakama kubadili adhabu ya jinai
Nchini Tanzania, kuna kanuni inayoizuia mahakama kuigusa tena adhabu iliyokwisha kuitoa. Hakimu akishasoma hukumu na adhabu, kazi yake imekwisha: anaweza kusahihisha kosa la kiuandishi, lakini si kugeuza miaka 5 kuwa 3 kwa kuwa usiku ameingiwa na huruma.

Adhabu hubadilishwa na mahakama ya juu, kwa rufaa. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya na kupelekwa, tuseme, Gereza la Kiabakari wilayani Butiama, hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya 45. Siku za kusubiri nakala ya hukumu hazihesabiwi. Karatasi humkabidhi mkuu wa gereza, zikafika Mahakama Kuu, Musoma. Huko adhabu yaweza kupunguzwa au, jambo ambalo wafungwa wengi hulisahau, kuongezwa. Lakini kupunguza nako kuna mpaka: unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, una kima cha chini cha kifungo cha miaka 30. Hatia ikisimama, hata Mahakama ya Rufani haina pa kushukia. Msamaha wa Rais, chini ya Ibara ya 45 ya Katiba ya 1977, ni mlango mwingine kabisa.