Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini chini ya volkano za Virunga, safari ya saa chache kutoka Kagarama, Kigali, mwenyeji hakupona upesi. Mwaka 1925 wakoloni wa Kibelgiji walitenga Hifadhi ya Albert. Mkulima akanyimwa kuni na asali, na baadaye fedha za watalii wa sokwe zikampita mbali. Mwaka 2005 Serikali ya Rwanda iliamua asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi irudi vijijini. Mwaka 2017 ikawa 10. Shule na vituo vya afya vikajengwa. Hata hivyo, mgawo si umiliki. Huko Kinigi, wanavijiji wa chama cha SACOLA wanamiliki hoteli yenyewe. Hapana budi njia hiyo ifuatwe: mwanakijiji awe mwenye nyumba, siyo mpokea bakshishi.