Kipozeo, si Kiowevu Baridishi

Karatasi ya maelekezo iliyofika Gede pamoja na mashine ya CNC ya jirani yangu, seremala wa milango ambaye sasa hukata hata aluminiamu uani kwake, inaagiza kwamba "kiowevu baridishi" kijazwe katika "chombo hifadhi" kabla ya kazi kuanza. Ukurasa wa pili, kitu kilekile kinaitwa "kipooza". Pwani nzima kipooza ni maradhi yanayomlaza mtu upande mmoja. Aliyeidhinisha neno hilo hakumsikiliza mzungumzaji hata mmoja.

Msomaji anajua kinachokusudiwa: maji, mafuta au hewa inayoelekezwa kwenye biti ili joto lisiyaue makali. Jina lake ni kipozeo.

Tuanze na mzizi. Poa ni neno la Kibantu. Wazulu husema phola, Washona pora, na kwao kama kwetu maana mbili zimeshikana: kupungua joto na kupata nafuu. Ile l iliyodondoka katika poa imesalia katika pole. Poa huzaa poza, kufanya kitu kipoe. Poza huzaa pozea, kupoza kwa kutumia kitu fulani. Na pozea huzaa kipozeo, kwa njia ileile iliyotupa kichocheo kutoka chochea. Kila hatua ni ya sarufi yetu wenyewe. Fundi asiyesema kulanti, coolant ya Kiingereza, husema "maji ya kupozea", na istilahi imo tayari ndani ya kauli yake. Nilipoipeleka mbele ya jopo moja la istilahi, ilirudishwa kwa hoja kwamba haina uzito wa kisayansi. Nasema wazi: urefu wa jina si sayansi.

Sina ugomvi na baridi, neno jema tulilolipokea kutoka Kiarabu. Ugomvi wangu ni wa maana. Kubaridisha ni kukifanya kitu kiwe baridi; kupoza ni kukiondolea joto lililozidi. Uji hupozwa ili unyweke, haubaridishwi. Biti nayo haitakiwi kuwa baridi, inatakiwa isiungue. Na hicho kiowevu? Anayechonga mwarobaini au mvule hamwagii mbao maji. Hupuliza hewa ya kompresa, ikapoza na kufagia maranda. Hewa si kiowevu. Istilahi inayomfungia seremala nje ya karakana yake mwenyewe haifai.

Wapo wanaoshikilia kwamba kupoza ni kazi moja tu kati ya nyingi, kwa kuwa mchanganyiko huo pia hulainisha na kusafisha. Historia imewajibu. Katika miaka ya 1880, huko Philadelphia, Frederick Winslow Taylor alimwaga maji mengi penye ncha ya kisu cha mashine, na mwendo wa kukata chuma ukapanda kwa asilimia 30 hadi 40. Matokeo aliyaeleza mbele ya wahandisi wenzake wa Marekani mwaka 1906. Maji yale yalitiwa magadi, ili chuma kisishike kutu. Yalileta faida kwa sababu yalipoza. Kazi kuu ndiyo hutoa jina.

"Chombo hifadhi" nacho kiondoke. Tunalo birika. Birika si la chai peke yake. Ni hodhi la maji pia. Msikiti Mkuu katika magofu ya Gede, aliyoanza kuyachimbua James Kirkman mwaka 1948, una kisima na birika la kutawadhia. Watu wa hapa walijua kuyateka, kuyahifadhi na kuyaelekeza maji kabla ya jopo lolote, na maneno yake wametuachia.

Kuhusu matumizi: weka birika la kipozeo chini ya meza ya mashine, pampu ndogo ndani yake, mpira hadi kwenye nozeli karibu na biti, na chujio njiani mwa maji yanayorudi. Mafuta yanayochanganyika na maji yawe asilimia 5 hadi 10, na maji yawe ya mvua, kwa kuwa maji ya visima vyetu hupita katika mwamba wa matumbawe na chokaa yake huuvunja mchanganyiko.

Kipozeo cha maji, kipozeo cha mafuta, kipozeo cha hewa; wingi, vipozeo. Ngeli moja imevibeba vyote. Walioandika karatasi ile waisahihishe kabla ya shehena nyingine kuingia.