Nani Alimwoza Jo?

Wiki jana wanafunzi wangu wa uzamili nusura wakosane darasani kwa sababu ya ndoa. Si ndoa ya mwanasiasa wala ya jirani, bali ya mhusika wa riwaya: Jo March wa Little Women, kitabu cha Mmarekani Louisa May Alcott. Mmoja alishikilia kwamba mapenzi ya Jo na Profesa Bhaer ni kiraka kilichoshonwa usiku. Mwenzake akanigeukia: "Kwani Prof, nani alisema Alcott alitaka yakolee?"

Ubishi huo una zaidi ya miaka 150. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka mwaka 1868. Inapofikia tamati, Meg, kifungua mimba, amepata mchumba. Jo bado yupo yupo tu na hadithi zake. Yeye na Laurie, kijana tajiri wa nyumba ya pili, ni chanda na pete. Basi wasichana waliokisoma wakamwandikia Alcott barua wakitaka kujua nani ataolewa na nani. Katika shajara yake ya Novemba mwaka huo alilalamika kwamba wanauliza kana kwamba mwanamke hana hatima nyingine duniani ila mume, akaapa kutomwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha yeyote.

Nia yake, kama alivyomweleza rafiki yake kwa barua mwaka 1869, ilikuwa Jo abaki mwandishi asiyeolewa, jinsi alivyobaki Alcott mwenyewe hadi kufa mwaka 1888. Kelele zikazidi. Akaamua, kwa ukaidi tu, kumtafutia mume wa kuchekesha. Katika sehemu ya pili Laurie anaposa, anakataliwa, kisha anamwoa Amy, mdogo wake Jo. Jo anaangukia kwa Bhaer, Mjerumani wa makamo asiye na mali, tena anayezikosoa hadithi za kusisimua anazouza magazetini. Uchumba wenyewe unakamilika njiani, mvua ikinyesha, chini ya mwavuli.

Hebu mlinganishe na Dickens. Mwaka 1861 alisikiliza ushauri wa rafiki yake Bulwer-Lytton, akaiondoa tamati ya Great Expectations iliyowatenganisha Pip na Estella, akaandika nyingine yenye matumaini. Ile ya awali ilijulikana baada ya kifo chake, John Forster alipoichapisha katika wasifu wake, na wasomaji hawajaacha kuvutana. Dickens alilainika. Alcott alitoa ndoa, akawanyima bwana harusi waliyemtaka.

Kwa miaka mingi nimeufundisha uchumba wa Bhaer kama mfano wa msuko wa kando usioiva: mtu anaingia hadithi ikiwa imeshakwenda mbali, msomaji hajatayarishwa, halafu eti ndiye mume. Nakala yangu ya kwanza niliipewa na dada yangu mkubwa, marehemu sasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuolewa. Kila Krismasi wajomba walimuuliza ataleta mgeni lini. Naye akijibu, "Mgeni ameshindwa na mlima," na nyumba nzima ikicheka, mimi nikiwamo. Siku nilipomtajia, kwa majivuno ya msomi mchanga, kasoro za yule Bhaer, alisema tu, "Huyo mama alichoshwa na maswali." Nilidhani hakuelewa suala la ufundi.

Filamu ya Greta Gerwig ya mwaka 2019 inasema karibu vivyo hivyo: mchapishaji anadai shujaa wa kike aolewe, mwandishi anakubali huku akipigania fungu lake la pesa. Ilinichukua filamu na swali la mwanafunzi kusikia nilichoambiwa sebuleni kwetu.

Bado naona mwavuli ule haushawishi. Lakini jioni ile nilifungua maandishi yangu ya mhadhara, nikalifuta neno "kasoro", na hadi naandika haya sijapata la kuliweka mahali pake.