Raketi za Zamani za Tenisi: Jina Moja, Maumbo Mengi

Katika vyombo vya michezo vilivyotoka viwandani tangu mwisho wa karne ya 19, ni vichache vilivyochukua taarikhi yao mwilini kama raketi ya tenisi. Kwani mti wake, gundi yake, ngozi ya mpini wake, nembo zilizobandikwa shingoni, na hata kabari iliyotiwa pale kichwa na mpini vinapokutana, zote ni dalili ambazo mwenye maarifa huzisoma akajua chombo kilitengenezwa lini, wapi, na kwa mchezaji wa namna gani. Hata hivyo wengi waanzao kukusanya raketi za zamani huridhika na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, wakadhani kwamba jina likiwa moja na kitu nacho ni kimoja. Sivyo. Viwanda vilishika jina lililopendwa miaka arobaini na hamsini, huku vikibadili umbo, rangi, malighafi, na hata nchi ya kutengenezea. Na elimu ya mkusanyaji, kwa hakika yake, ni elimu ya mabadiliko hayo.

Mchezo wa tenisi ya majani ulianza kujulikana mwaka 1874, Meja Walter Clopton Wingfield alipojipatia hataza huko Uingereza na kuuza masanduku yenye wavu, nguzo, mipira na raketi, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1877, mashindano ya kwanza ya Wimbledon yakafanyika. Raketi za siku zile ziliigizwa kutoka mchezo mkongwe zaidi, ule uchezwao ndani ya jumba baina ya kuta nne, ambao raketi yake ina kichwa kilichoinama upande mmoja ili kuuokota mpira ulio chini. Ndiyo sababu raketi za mwanzo kabisa za tenisi ya majani nazo zina kichwa cha mshazari. Baada ya hizo zikaja, katika miaka ya 1880 na 1890, raketi zenye kichwa kilichonyooka juu kana kwamba kimekatwa kwa msumeno, na mwishowe likakaa umbo la yai ambalo macho yetu yamelizoea. Mkusanyaji akikutana na kichwa cha mshazari au kilichonyooka juu, na akapata yakini kwamba si nakala ya kutundikwa ukutani kwa pambo, basi ameshika kitu cha karne ya 19, au cha mwanzoni mwa ile iliyofuata.

Utengenezaji wenyewe ulikuwa sanaa ya seremala. Ubao mmoja mrefu wa mti wa eshi ulilainishwa kwa mvuke, ukapindwa kuzunguka kalibu mpaka ncha zake mbili zikakutana na kuwa kiini cha mpini, kisha pengo lililobaki kooni likazibwa kwa kabari ya mbao nyingine. Kabari hiyo ndiyo hupaswa kutazamwa mwanzo: ile ambayo ukingo wake wa juu umebenuka kuelekea kwenye nyuzi aghalabu ni ya zamani kuliko ile iliyobonyea ikafuata duara la kichwa. Baada ya kabari mtu atazame mpini. Kwa miaka mingi mpini ulikuwa mbao tupu, iliyochongwa mifereji myembamba ili mkono wenye jasho usiteleze. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukapendwa mpini uliotanuka mwishoni kama mkia wa samaki. Na ngozi iliyozungushwa kuanzia juu hata chini haikuwa desturi ya wote mpaka miaka ya 1930. Kwa hiyo raketi yenye ngozi nzuri na kabari iliyobenuka yataka ichunguzwe kwa makini, kwani huenda ngozi iliongezwa na mkono wa baadaye, na chini yake imejificha mifereji iliyo sahihi.

Maandishi nayo yana ushahidi wake, wala si jina la mtengenezaji tu. Marekani ilipopitisha sheria ya ushuru ya mwaka 1890, bidhaa zilizoingia nchini humo zililazimishwa kuandikwa nchi zilikotoka, na tangu hapo jina la nchi likawa jambo la kawaida juu ya raketi zilizouzwa ng'ambo. Mfano ulio bayana zaidi watoka Sialkot, mji wa Punjab ambao mafundi wake walitengeneza vyombo vya michezo kwa nchi nyingi zilizokuwa chini ya dola ya Waingereza. Raketi iliyoandikwa Sialkot na India pamoja ni ya kabla ya mgawanyiko wa mwaka 1947. Iliyoandikwa Sialkot na Pakistan ni ya baada yake. Na mafundi waliohama wakati wa machafuko yale waliuendeleza ufundi wao Jalandhar, upande wa India, hata mji huo nao ukawa na sifa yake. Neno moja lililopigwa chapa kwenye mbao latosha hapo kuigawa raketi pande mbili za tukio kubwa la historia.

Mapinduzi makubwa ya raketi ya mti yalikuja pale mafundi walipoacha ubao mmoja mzima wakashika tabaka nyembamba nyingi zilizogandishwa kwa gundi, kwa kuwa tabaka hizo, zikipangwa vema, zilistahimili mkazo wa nyuzi pasipo kupinda upesi. Dunlop Maxply, iliyotolewa mwaka 1931, ndiyo iliyoubeba ufundi huo kwa nusu karne nzima; Rod Laver aliitumia, na John McEnroe aliishika alipomshinda Björn Borg katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 1981. Mtu akiinamisha Maxply kwenye mwanga wa dirisha, akautazama ukingo wa kichwa kwa ubavu, ataziona tabaka zikipishana nyeupe na za kahawia, zikiteremka pamoja mabegani, zikakumbatia kabari na kuzama ndani ya mpini. Na fundi hodari akipitisha ukucha juu ya viungio hivyo, kama fundi wa jahazi apapasavyo mbao za chombo kizee, hutambua mara moja kama gundi imeanza kuachia. Karibu na mpini hukuta herufi ya uzito, L kwa nyepesi na M kwa ya wastani, na tarakimu ya unene wa mpini kwa inchi. Lakini Maxply ya kabla ya vita, Maxply ya miaka ya 1950 na Maxply Fort ya siku za McEnroe hazifanani kwa nembo wala kwa mapambo, na zilizotengenezwa Australia zina alama zake mbali na za Uingereza. Anayesema tu kwamba ana Maxply hajasema alicho nacho.

Upande wa Marekani, mfano ulio sawa na huo ni raketi ya Wilson iliyochukua jina la Jack Kramer, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1947. Iliuzwa tangu mwisho wa miaka ya 1940 hata siku za mwisho za raketi ya mti, nayo ilinunuliwa kwa mamilioni. Na kwa sababu hiyo yenye mikwaruzo na nyuzi zilizokatika haina thamani kubwa sokoni, ilhali iliyohifadhiwa katika hali ya dukani, ya toleo la mapema, huwa jambo jingine. Umri peke yake haufanyi tunu. Katika nasaba hiyo hiyo ilikuwako Jack Kramer iliyoandikwa Pro Staff, ya mti kabisa, jina ambalo Wilson walilichukua baadaye wakaliweka kwenye raketi ya malighafi tafauti kabisa, kama tutakavyoona.

Madini yalijaribiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. William Larned, aliyekuwa bingwa wa Marekani mara saba, alibuni raketi ya feleji mwaka 1922, ikatengenezwa mjini Dayton katika jimbo la Ohio. Nayo ilikuwa na nyuzi za waya badala ya zile za utumbo wa mnyama. Mfaransa René Lacoste ndiye aliyelifikisha wazo hilo mbali, kwa raketi ya mabomba ya feleji ambayo nyuzi zake hazikupita ndani ya fremu, bali zilishikwa na waya uliozungushwa kuifuata fremu hiyo. Wilson waliichukua wakaiuza tangu mwaka 1967 kwa jina la T2000, na Jimmy Connors akaing'ang'ania miaka mingi baada ya wenzake kuiacha. Mkusanyaji aitazame zile pete za waya kwa hadhari, kwani zikivunjika mafundi wa kuzirudishia ni adimu. Na azingatie kwamba baada ya T2000 zilifuata T3000, T4000 na T5000, zilizofanana nayo kwa mbali lakini si ndugu mapacha.

Mwaka 1976 Howard Head, akiwa na kampuni ya Prince, alitoa raketi ya alumini yenye koo la plastiki ya kijani na kichwa cha inchi za mraba kama 110, ilhali kichwa cha raketi ya mti kilikuwa baina ya 65 na 70. Watu waliicheka, mpaka Pam Shriver, binti wa miaka 16, alipofika nayo fainali ya mashindano ya Marekani mwaka 1978. Kisha zikaja fremu za nyuzinyuzi za kaboni, na mti ukaondoka haraka: Yannick Noah alipotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983, alikuwa mwanamume wa mwisho kushinda shindano kubwa kwa raketi ya mti.

Mtu angedhani kwamba kiwanda cha kisasa, chenye kalibu za chuma na vipimo vya mashine, kingeifuta tafauti kati ya chombo na chombo. Pro Staff ya Wilson, yenye kichwa cha inchi za mraba 85, iliyosukwa kwa grafiti asilimia 80 na Kevlar asilimia 20, yathibitisha kinyume chake. Ilianza kutengenezwa Chicago mapema miaka ya 1980, ikahamia kisiwa cha Saint Vincent katika bahari ya Karibi, kisha Taiwan, na mwishowe China. Rangi nyeusi yenye mistari myekundu na ya manjano ilibaki, jina likabaki. Ila Pete Sampras, aliyetwaa mataji yake yote 14 makubwa kwa raketi ya aina hiyo, alijulikana kwa kutaka zile za Saint Vincent, na kwa ajili hiyo wakusanyaji hugeuza mpini chini juu kabla ya neno lolote, wakasoma jina la nchi na alama zilizopigwa pale kwenye kitako. Hapo pana hatari pia, maana kitako huweza kung'olewa katika raketi moja kikatiwa katika nyingine; kwa hiyo alama ya kitako ikubaliwe pale tu inapoungwa mkono na dalili nyingine za fremu. Na wachezaji wakubwa walipakiwa rangi ya toleo jipya juu ya fremu ya zamani waliyoizoea, hata picha ya bingwa haitoshi kuwa ushahidi wa alichokishika.

Kwetu mchezo huu uliletwa na watawala wa kikoloni, ukachezwa kwanza katika klabu zao, kama Gymkhana ya Dar es Salaam, na kabla ya mti kutoweka raketi zake zilifika kwetu pamoja nao. Hewa ya pwani, yenye chumvi na unyevu, ni adui wa mti na wa utumbo: hulegeza gundi, huozesha nyuzi, na huipinda fremu isiyobanwa katika kibano chake cha mbao cha skurubu nne. Aliye nayo aiweke mahali pakavu penye upepo, mbali na jua na ukuta unaotoa maji, akate nyuzi zilizokaza kupita kiasi kabla hazijaikunja fremu, na asithubutu kuipiga msasa na vanishi mpya, kwani nembo iliyochakaa ina thamani kuliko mng'aro uliofuta kila kitu.

Basi nawaomba wenye klabu, walimu wa michezo, na watoto waliorithi vitu vya wazee wao: kabla ya kutupa raketi kuukuu au kuipa fundi aipake rangi, iandikeni kwanza kwenye daftari. Andikeni jina, nchi, herufi ya uzito, umbo la kabari, aina ya mpini, na jina la mtu aliyeimiliki. Raketi hamsini zilizoandikwa hivyo zitatufaa katika historia ya michezo kuliko mia tano zilizotundikwa ukutani pasipo habari zake.