Nyuki wetu walienda wapi? Historia fupi ya asali kwetu Yanonge



Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja alisimama akauliza: "Mizinga tulipewa kumi na miwili. Leo yenye nyuki ni mitatu. Nyuki walienda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Wengine walicheka, mmoja akasema ni uchawi, mwingine akasema bora mbao ziuzwe tugawane franga. Kamati ikaniomba niandike. Mimi si fundi wa nyuki, ni mwalimu. Mzinga wangu mmoja ulikuwa nyuma ya nyumba, wa kujifurahisha tu, na watoto wapate asali ya chai. Nao ulihamwa. Naandika kama mtu aliyepoteza, na nitaanza mbali kidogo, maana kosa letu lilianza kabla ya mizinga kufika.

Kwa wazee wetu asali haikufugwa, ilitafutwa. Mtu alimfuata nyuki mpaka kwenye tundu la mti, kisha alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupanda na moshi, kukata masega machache, kushuka. Ile ni kazi ngumu na ya hatari. Ya pili ni shoka: mti unaanguka, watu wanakula siku moja, na nyuki hawana tena nyumba. Baba yangu alikuwa akisema mti wa kupanda ni wa mjukuu, mti wa shoka ni wa tumbo.

Halafu njia ya shoka ikawa ya lazima. Wakati wa Leopold II, toka 1885 mpaka 1908, watu wa misitu hii walilazimishwa kuleta mpira wa porini. Kamba ya mpira ukiichanja vizuri inatoa maziwa mwaka huu na mwaka ujao. Lakini aliyekuwa na kilo za kutimiza na askari nyuma yake hakungoja mwaka ujao, aliikata yote. Kamba zikafa, watu wakaenda mbali zaidi porini. Sisemi tulifanana na wale, wao walitesewa, sisi hakuna aliyetupiga. Nasema tu kwamba mwenye njaa na haraka hukata.

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC pale Yangambi, ng'ambo ya mto, ambayo leo ni INERA. Vijana wakajifunza mawese, kahawa, mpira wa kupandwa. Asali ilibaki kazi ya mzee na shoka lake. Tena zikaja vita. Mwaka 1964, wakati wa Simba, watu wengi walikimbilia msituni. Mwaka 2000, katika vita ya siku sita ya Kisangani, toka tarehe 5 mpaka 10 Juni, mabomu ya majeshi ya kigeni yalianguka juu ya nyumba za watu, na tena tukakimbia. Wengi wenu mnakumbuka mlichokula kule. Asali ilikuwa chakula, na hakuna aliyefikiri juu ya kuachia nyuki kitu. Tuliporudi, tulirudi na ile tabia.

Sasa mizinga. Ile tuliyopewa, sanduku lenye mbavu za kulala na vijiti juu, ilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliofikiria mzinga ule walitaka mkulima asiye na mashine aweze kuinua kijiti kimoja, kukata sega moja lililoiva, na kurudisha mengine. Yaani ni ile njia ya mzee aliyepanda mti, imeshushwa chini ikawekwa katika sanduku. Sisi tulipokea sanduku, tukaendelea na shoka.

Niseme makosa waziwazi, maana wafadhili pia wana haki ya kuyajua.

Kwanza, mahali. Tuliweka mizinga mingi bondeni karibu na mto, kwa sababu kile kiwanja kilikuwa cha bure. Mwisho wa 2023 mto ulipanda, na Januari 2024 kule Kinshasa maji yalikaribia kipimo cha 1961. Wazee walituambia maji ya 1961 yalifika wapi. Hatukuwauliza kabla, tuliwauliza baada.

Pili, vijiti. Kwa nyuki wetu wa Afrika kijiti kinatakiwa upana wa milimita 32, ili sega moja likae chini ya kijiti kimoja. Vijiti vilivyooza tulivikata upya kwa jicho, vingine vipana kama vidole vitatu. Nyuki wakajenga masega ya kupishana. Ukiinua kimoja unapasua vitatu, asali inamwagika juu ya majana, na siafu wanaitwa kwenye karamu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tulivuna yote. Mvua zilikuwa zinaanza, maua yanapukutika, na sisi tulitaka kujaza bidoni za kupeleka Kisangani. Nyuki wetu si kama wale wa Ulaya wanaong'ang'ania nyumba katika baridi. Akikosa chakula, au akisumbuliwa mno, kundi lote linahama. Tena tulikata hata masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Asali ile bado ni maji, na katika unyevu wetu inachacha upesi. Bidoni mbili zilirudishwa na mnunuzi, zikitoa povu kama pombe.

Na ile mizinga mitatu iliyobaki? Mmoja ni wa mama yuleyule aliyeuliza swali. Hakuvuna hata sega moja kwa sababu aliogopa kuumwa. Tulimcheka sana. Kumbe yeye ndiye aliyefuga, sisi tuliwinda.

Kuna mahali katika nchi yetu pa kujifunza. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa mashariki wa Kinshasa, ilipandwa akasia kwenye hekta kama 8,000, na familia zikapewa kila moja hekta 25. Wanakata kipande kwa makala, wanalima muhogo, akasia inaota tena, na nyuki wanapata maua. Walingoja miaka miti ikomae. Sisi huku tunakata msitu kwa makala ya Kisangani, halafu tunashangaa nyuki hana pa kula.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati na kwa wafadhili ni hili: msitutumie mizinga mipya mwaka huu. Mbao zisiuzwe. Ile tisa mitupu tuihamishe juu, penye kivuli, miguu yake ikae katika makopo ya mafuta machafu ya moteri kuzuia siafu. Tuipake nta ya zamani ndani, tungoje makundi yaje yenyewe. Kijiti kimoja cha kipimo kikae kwa katibu, na kila fundi apime nacho. Tuvune tu masega yaliyofunikwa, na yaliyo karibu na majana tusiyaguse. Pesa iliyobaki inunue mbegu za akasia.

Kwa mama aliyeuliza: nyuki hawakufa, na hawakurogwa. Walirudi msituni, kama sisi tulivyofanya tulipokosa usalama na chakula. Wanaweza kurudi.

Jumamosi baada ya salongo tunaanza kuhamisha mizinga. Kila mwenye panga aje nalo, kwa kufyeka nyasi tu. Mashoka yabaki nyumbani.