Nani Mdhamini wa Friji?

Kadi ililetwa mezani kwangu Jumatatu, ukurasa mmoja wenye maandishi madogo kama punje za ulezi, nikaambiwa Kiswahili chake kinatakiwa Ijumaa. Ni ile kadi inayotiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kijitabu cha maelekezo, ambayo mtu huikuta ndani ya friji mpya anapoifungua mara ya kwanza. Karatasi za namna hii nimezitafsiri nyingi, na kwa kawaida hunichukua jioni mbili. Safari hii sikuvuka mstari wa kwanza. Mstari huo ulisema friji ina kitu fulani kwa muda wa miezi 12, na kitu hicho nilikuwa na maneno matatu ya kukiita: waranti, garantii, dhamana.

Juma hilohilo, jikoni kwa mama yangu hapa Mombasa, friji aliyoinunua kwa bei ya ofa ilikuwa imezimwa, mlango umeachwa wazi, na leso kuukuu imetandikwa chini kunywa maji. Ilikuwa na umri wa miezi minne.

Nianze na neno tunalolitumia sana. Mombasa husema waranti. Ukivuka Lungalunga kuelekea Tanga utasikia garantii zaidi. Waranti ina historia yake. Mtumishi wa serikali wa enzi za reli alipewa waranti apande gari moshi bila kutoa nauli mfukoni. Mpaka leo waranti ni hati ya korti anayokuja nayo askari kumkamata mtu. Ukitazama matumizi hayo yote, waranti ni karatasi. Ukiwa nayo unapita, ukiipoteza umekwama. Fikra hiyo imehamia dukani mzimamzima: tunaamini haki ya mnunuzi imo ndani ya kadi, na kadi ikipotea haki nayo imepotea.

Dhamana ni neno la namna nyingine. Tumelitoa katika Kiarabu, na huko Ghuba kadi ya friji huitwa kwa neno lilelile. Waliofanya kazi Dubai au Muscat wakarudi na vyombo wamelisoma kwenye kadi hizo. Ila sisi tumelikuza kwa njia yetu. Jamaa akishikwa, nduguye huenda kituoni kumwekea dhamana. Mwanachama akikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, hutakiwa alete wadhamini, na asipolipa hukatwa wao. Kila mwenye mshahara mji huu anajua uzito wa kuweka saini kwenye fomu ya mdhamini, na wapo waliokosana na mashemeji kwa sababu yake. Katika Kiswahili, basi, dhamana haiji peke yake. Inakuja na mtu, na mtu huyo ndiye atakayelipa mambo yakiharibika. Ukisikia pahala pana dhamana, swali linalofuata ulimini bila kulitafuta ni: mdhamini ni nani?

Swali hilo ndilo lililokosa jibu dukani siku nilipofuatana na mama. Friji ilikuwa imeshushwa kutoka shilingi 46,000 hadi 34,500 kwa ajili ya Ramadhani, mwezi ambao nyumba ya Mombasa bila baridi ni tabu: kuna maji ya ukwaju, kuna maziwa, kuna kilichobaki cha futari kinachotakiwa kifike daku kikiwa salama. Ilifanya kazi vizuri Ramadhani yote. Halafu sehemu ya chini ikaanza kuwa vuguvugu, kisha ya juu, na nyuma pakawa na mlio wa kugonga kila inapowaka. Fundi wa mtaa alikuja, akaweka kiganja juu ya kompresa, akasikiliza, akainuka. "Siifungui," alisema. "Nikigusa hapa watasema mimi ndiye niliyeiua." Alikuwa mtu mwema huyo. Kadi nyingi zinasema hivyohivyo: stika ya kiwandani ikichanika au fundi asiyeidhinishwa akitia mkono, waranti imekwisha.

Dukani kijana wa kaunta alituangalia kwa adabu, akaitwaa risiti. Ilikuwa imegongwa muhuri mwekundu wa ofa, na chini kabisa pameandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi.

"Mama, hii ilikuwa ya ofa. Za ofa hazina waranti."

"Mwanangu, ofa ni bei. Mimi sikununua bei, nilinunua friji."

"Basi tupatie kadi."

Kadi hakuwa nayo. Ilikwenda na katoni, na katoni alipewa jirani aliyekuwa akihamia Kisauni.

Ningependa kila mwenye duka na kila mnunuzi alisome lile jibu la mama mara mbili, kwa maana sheria ya Kenya iko upande wake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, Na. 46 ya 2012, inasema muuzaji anachukuliwa kuwa amedhamini kwamba bidhaa aliyoitoa ina ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakutamka neno wala hakutoa karatasi. Tena sheria hiyo inayabatilisha maneno ya mkataba yanayojaribu kuiondoa dhamana hiyo. Nyuma yake ipo Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Hakuna pahala katika maneno hayo palipoandikwa kwamba haki hupungua bei ikipungua.

Bei ina nafasi yake, lakini si hiyo. Aliyelipa 34,500 hawezi kudai raha za friji ya laki mbili, milango miwili na maji ya baridi yanayotoka yenyewe mbele. Anachoweza kudai ni kwamba friji igandishe, na isife kabla ya mwaka kwisha. Na kama bei ilishushwa kwa sababu maalumu, mathalani ubavu umebonyea au rafu moja imepasuka, na muuzaji akakuonyesha ukakubali, huwezi kurudi kesho kulalamikia ubavu uleule. Kompresa hujaonyeshwa. Muuzaji anayesema "ofa" bila kusema kasoro amepunguza bei tu. Naye anayeandika bei ya zamani ya uongo ili punguzo lionekane kubwa ana kosa jingine, kwa kuwa sheria hiyohiyo ya 2012 inakuhesabu kudai nafuu ya bei isiyokuwapo kuwa ni upotoshaji.

Hapa sasa panahitaji utulivu, maana ndipo istilahi inapomtega mtu. Kenya ina sheria ya zamani zaidi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata sheria ya Uingereza ya 1893 iliyoandikwa na Mackenzie Chalmers. Chalmers aliyagawa maneno ya mkataba wa mauzo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni sharti: muuzaji akilivunja, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa na kurudishiwa fedha zake. Fungu la pili ni lile neno lililotupa sisi waranti: likivunjwa, mnunuzi anabaki na bidhaa yake na kudai fidia tu. Kwa wanasheria, kwa hiyo, waranti ni fungu dhaifu, na wajibu wa bidhaa kuwa na ubora wa kuuzika ni sharti. Sokoni tumeligeuza: waranti tunaiona ndiyo ngome, na neno masharti, tunalolikuta upande wa nyuma wa kadi, limekuwa jina la miiba iliyozungushiwa ngome hiyo. Mtu akisoma "masharti ya waranti" anajua anakwenda kuambiwa asichostahili. Kumbe katika sheria ya mauzo sharti lilikuwa silaha yake yeye.

Na silaha hiyo huisha makali. Mnunuzi akishaipokea bidhaa akaikubali, akaitumia muda bila kusema neno, haki ya kuikataa humponyoka akabaki na kudai fidia. Ndiyo maana nawasihi watu wasikae na friji mbovu wakingoja mwisho wa mwezi. Andika siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa simu, mradi tarehe ionekane.

Mambo haya si mageni pwani kama yanavyodhaniwa. Wafanyabiashara wa Mji wa Kale waliosoma fikihi walijua khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro ya tangu awali ambayo muuzaji hakuitaja, ana hiari ya kurudisha mali au kubaki nayo. Mahakama za Kadhi za Kenya hazisikilizi kesi za friji, kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi, lakini fikra imebaki katika lugha. Aibu katika usemi huo ni ila ya kitu. Kiswahili cha leo kimelipeleka neno aibu kwenye nyuso za watu, nami nikiwaza habari ya kijana wa kaunta naona maana zote mbili zimekaa pamoja. Kasoro iliyofichwa ni ya friji kwanza, kisha inakuwa ya aliyeiuza.

Turudi kwenye kadi, kwani kadi nayo si ya kutupwa. Ahadi ya mtengenezaji inaweza kuwa nono kuliko sheria, na mara nyingine ni rahisi zaidi kuidai. Ila isomwe mpaka chini. Kwenye mlango wa friji ya mama ilikuwapo stika kubwa ya buluu: kompresa miaka 10. Mtu anaposoma hivyo hulala usingizi. Kwenye kadi niliyokuwa nikiitafsiri, yenye stika ya namna hiyohiyo, maandishi madogo yalifafanua kwamba baada ya mwaka wa kwanza kinachotolewa bure ni kile kipande cha kompresa chenyewe. Gesi, kazi ya fundi na usafiri ni juu ya mnunuzi. Mpira wa mlango na taa havimo kabisa. Umeme ukipanda na kushuka ukaunguza kitu, hasara hiyo haimo. Na friji iliyonunuliwa Dubai ikaletwa kwa meli, kadi yake mara nyingi haivuki bahari, ijapokuwa plagi inaingia ukutani sawasawa.

Kwa sababu hizi nimeamua, katika kazi yangu, kuyatenganisha maneno. Karatasi ya mtengenezaji naiita waranti, kwa kuwa watu wameshaizoea na kwa kuwa kweli ni karatasi. Wajibu ambao sheria imemtwika muuzaji nauita dhamana ya mauzo. Wapo wenzangu wanaopenda hakikisho. Ni neno zuri kusikia, ila hakikisho ni la kutuliza moyo, halimfungi mtu. Daktari anaweza kukuhakikishia utapona bila kulipa chochote usipopona. Garantii sina ugomvi nayo, isipokuwa hutumika kwa vyote viwili na kuviacha vimechanganyika kama vilivyokuwa.

Utengano huu unamsaidia mtu kaunteni. Akiambiwa kadi imepotea, anaweza kujibu kwamba hadai waranti, anadai dhamana ya mauzo, na ushahidi wake ni risiti. Mama alikuwa na risiti, na hata asingekuwa nayo, ujumbe wa M-Pesa wa siku ile ulikuwa bado kwenye simu, jina la duka na kiasi na saa. Akiambiwa aende kwa wakala wa kampuni Nairobi, anaweza kusema kwamba hakuuziana na wakala wa Nairobi.

Niliandika barua ya nusu ukurasa kwa Kiswahili. Nilitaja tarehe ya kununua, tarehe friji ilipoanza kuharibika, sheria ya 2012, na nikatoa siku 14. Nikaongeza kwamba Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima mtu awe na wakili. Kijana aliisoma akaipeleka ndani. Siku ya 9 gari la duka lilikuja. Mama alitaka arudishiwe fedha zake, hakurudishiwa; lakini kompresa ilibadilishwa, gesi ikajazwa, wala hakutozwa hata nauli ya gari. Fundi wa mtaa alikuwapo, akagonga ubavu wa friji kwa vidole akasema sasa inasikika vizuri.

Kadi ya yule mteja wangu ilikuwa bado haijakwisha. Tatizo la mstari wa kwanza nililijua sasa: asili ilisema friji imedhaminiwa, bila kusema na nani. Kiswahili kinaweza kuficha mtenda vilevile, lakini katika neno hili ufichaji unaonekana, kama fomu ya mkopo yenye saini bila jina. Nilimwandikia mteja nikamuuliza: imedhaminiwa na kiwanda, na aliyeiingiza nchini, au na duka? Ijumaa ikapita. Ikapita na ya pili. Kisha jibu likaja, la sentensi moja, nami nikakaa kuandika: "Sisi tulioiingiza friji hii nchini tunaidhamini kwa miezi 12, na waranti hii haipunguzi dhamana ya mauzo uliyo nayo kwa aliyekuuzia."